Kompaila inalia kuhusu pointa kwa thredi: jua inakuuliza nini kabla hujainyamazisha

Kuna swali limezunguka sana kati ya vijana wanaosoma kompyuta huku kwetu, kutoka Njoro hadi Maseno hadi Kakamega, na kila mtu analiuliza kivyake lakini ni lile lile: mbona programu yangu ya C yenye thredi ilikuwa inakompaili poa na sasa inakataa? Mtu amepata laptop mpya ama ameapdeti Linux yake, faili ni ile ile, hajagusa hata nukta, lakini skrini imejaa maandishi ya zambarau na mekundu na kila mstari unataja pointa. Halafu anauliza rafiki na rafiki anamwambia wacha stress, weka kasti hapo mbele (yaani andika aina nyingine kwa mabano, ulazimishe kompaila ikubali) itanyamaza. Na kweli inanyamaza. Hapo ndo taabu inaanzia, juu kunyamaza si kupona.

Tuanze na hiyo ya "ilikuwa inafanya". GCC, ile kompaila (programu ya kugeuza maandishi yako kuwa kitu mashine inakimbiza) wengi wetu tunatumia, ilitoa toleo la 14 mwezi Mei 2024, na kwa hilo toleo vitu kadhaa ambavyo miaka yote vilikuwa maonyo tu vilipandishwa cheo vikawa makosa kamili. Kupitisha pointa ya aina moja mahali panatakiwa aina nyingine, kuweka namba ya kawaida mahali pa pointa bila kusema chochote, kuita funksheni ambayo hujaitangaza, hizi zote sasa zinasimamisha kazi. Clang, kompaila nyingine, nayo ilikuwa imeshaanza kukaza hivyo kabla. Kwa hivyo ukihamia Linux mpya kama Debian 13 ama Fedora 40 unakutana na GCC 14, na ile programu ya mwaka wa pili uliyopatiwa na waliokutangulia inakufa pale pale. Programu haijaharibika jana. Ilikuwa mbovu kitambo, kompaila ilikuwa inakuonya na wewe unaskrol.

Sasa maneno yenyewe, juu nimeona watu wanabishana usiku mzima na hawajakubaliana pointa ni nini.

Chukulia memori ya kompyuta ni soko la Kibuye siku ya Jumapili, limejaa mpaka nje, na kila mahali pa kuuzia pana namba. Pointa si nyanya. Pointa ni kikaratasi kimeandikwa namba ya mahali nyanya ziko. Thredi ni watu unaowatuma: programu ya kawaida ni mtu mmoja anazunguka soko akifanya kitu kimoja kimoja, programu yenye thredi ni watu kadhaa wako ndani ya soko hilo hilo wakati mmoja, kila mtu na kikaratasi chake, na wewe huwezi amua nani atafika wapi kwanza. Vigeu vyako vya ndani ya funksheni vinakaa kwa staki, na staki ni kama wale wa kutandika turubai chini: funksheni ikiisha turubai linakunjwa na mwingine anatandika pale pale. Hipu, ile unayopata na `malloc`, ni kibanda umekodi, ni chako hadi urudishe ufunguo na `free`. Na `void *`, hiyo inayotisha watu bure, ni kikaratasi chenye namba ya mahali tu bila kusema kuna bidhaa gani pale.

Mbona thredi zinapenda sana `void *`? Juu `pthread_create`, funksheni ya kuanzisha thredi ambayo iliwekwa kwa POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo kama Linux na Mac, mwaka 1995, haijui wewe utatuma nini. Inaweza kuwa namba, jina, rekodi nzima ya mteja. Kwa hivyo inasema nipe funksheni inayopokea `void *` moja na inarudisha `void *` moja, mengine mtajuana wenyewe. Maonyo karibu yote ya pointa kwa thredi yanatoka hapo kwa hilo dirisha dogo, ama ukiingiza kitu ama ukikitoa.

Hii hapa ndo programu ambayo ukizunguka lab yoyote utaikuta, imenakiliwa hivi na hivi:

```c
void *kazi(void *p)
{
    int namba = (int)p;
    printf("Mimi ni thredi %d\n", namba);
    return NULL;
}

int main(void)
{
    pthread_t t[4];
    for (int i = 0; i < 4; i++)
        pthread_create(&t[i], NULL, kazi, (void *)i);
    for (int i = 0; i < 4; i++)
        pthread_join(t[i], NULL);
}
```

Kompaila itakupa maonyo mawili, `cast to pointer from integer of different size` pale kwa `(void *)i`, na ndugu yake `cast from pointer to integer of different size` pale kwa `(int)p`. Hizi mbili hata GCC 14 bado ni maonyo, programu itatoka na itakimbia na itaonyesha 0 hadi 3 vizuri kabisa. Ndo maana mtu anakuambia achana nayo.

Kinachosemwa hapo ni saizi. Kwa mashine ya biti 64, pointa ni baiti 8 na `int` ni baiti 4. Umechukua kikaratasi cha namba ya mahali ukaandika juu yake idadi ya vitu, si anwani tena, halafu idadi yenyewe ni fupi kuliko nafasi. Kwenda haina shida kubwa, ni kurudi ndo hatari: siku hiyo `p` ikiwa anwani ya kweli na wewe unaisukuma kwa `int`, nusu yake inakatwa na kutupwa, na ukijaribu kuitumia tena unaenda mahali hakuna mtu. Kwa zile mashine kuukuu za biti 32, ambazo bado ziko kwa cyber kadhaa, `int` ni baiti 4 na pointa ni baiti 4, kwa hivyo onyo halitokei kabisa, na hapo ndo ile hadithi ya "kwa kompyuta ya cyber inafanya kwa yangu haifanyi" inatoka.

Wengine wanabadilisha `int` iwe `long` na onyo linaenda. Kwa Linux na Mac sawa, `long` ni baiti 8 kwa biti 64. Kwa Windows `long` imebaki baiti 4 hata kwa biti 64, kwa hivyo umehamisha tatizo tu kwa mwenzako mwenye Windows. Kama lazima utume namba ndogo ndani ya pointa, tumia `intptr_t` kutoka `stdint.h`, ambayo kazi yake ni kuwa namba yenye upana wa kutosha pointa:

```c
pthread_create(&t[i], NULL, kazi, (void *)(intptr_t)i);
...
int namba = (int)(intptr_t)p;
```

Kwa haki ni lazima niseme kiwango cha C kinaahidi safari ya pointa kuwa `intptr_t` na kurudi pointa, ile safari ya kinyume, namba kuwa pointa na kurudi namba, hakijaiahidi, lakini kwa mashine tunazotumia inafanya kazi na watu wanaitegemea kila siku. Mimi kwa namba ya thredi tu naiona sawa. Kwa kitu kikubwa zaidi ya hapo, hapana.

Sasa sikiza hii, juu ndo imemaliza watu. Mtu anaona kasti za namba ni chafu, anasoma mahali kwamba "tuma anwani badala ya namba", anaandika `&i`:

```c
pthread_create(&t[i], NULL, kazi, &i);   /* usifanye hivi */
...
int namba = *(int *)p;
```

Maonyo sifuri. Kompaila imetabasamu. Na hii ndo mbovu kuliko ile ya kwanza! Omera, angalia vizuri: umetuma watu wanne na vikaratasi vinne vyote vimeandikwa namba ya mahali pamoja, waende wasome kibao kimoja, na wewe mwenyewe uko pale kwa kibao unafuta na kuandika namba mpya kila mara lupu inazunguka. Anayefika mapema anasoma 1, anayechelewa anasoma 3, wawili wanaweza soma 2, na mwingine anaweza soma 4 ambayo hata si namba ya thredi yoyote, juu lupu inaisha `i` ikiwa 4. Unaweza hata kuona 0 zikirudi, juu ile lupu ya pili ya `pthread_join`, ile ya kungoja thredi zimalize, iko na `i` yake mpya na kompaila iko huru kuitandika pale pale ya kwanza ilikuwa. Ukikimbiza kwa laptop yako inaweza kutoka sawa mara nyingi, halafu siku ya kuonyesha mwalimu inatoka 2, 2, 4, 4 na unaanza kulaumu laptop.

Kuirekebisha si ngumu, kila thredi ipewe mahali pake ambapo hakuna mwingine anaandika, na mahali hapo pawe hai mpaka thredi imalize:

```c
int namba[4];
for (int i = 0; i < 4; i++) {
    namba[i] = i;
    pthread_create(&t[i], NULL, kazi, &namba[i]);
}
...
int *n = p;      /* ndani ya kazi, hakuna kasti */
```

Ona hakuna kasti hata moja. Kwa C, `void *` inaingia na kutoka kwa pointa ya data yoyote bila kulazimishwa, kwa hivyo ukijipata umejaza kasti kila mahali hiyo peke yake ni dalili kuna kitu hujapanga. Kwa C++ ni tofauti, huko kutoka `void *` kunataka kasti, na nadhani ndo maana watu wanaleta hiyo tabia huku.

Hiyo safu `namba` iko kwa staki ya `main`, na ni salama juu `main` inangoja thredi zote na `pthread_join` kabla ya kuondoka. Kama funksheni inaanzisha thredi halafu yenyewe inarudi bila kungoja, staki yake inakunjwa na thredi imebaki na kikaratasi cha mahali pa mtu mwingine. Kwa hali hiyo ndo unahitaji `malloc`, na kubaliana mapema nani atafanya `free`, kawaida ni thredi yenyewe ikishachukua vitu vyake. Kuna wale wanakuambia weka `malloc` kila mahali uwe salama. Si lazima, na ukisahau `free` umejiongezea shida nyingine.

Upande wa kutoa majibu nao uko na vituko vyake. Ukiandika `return &jumla;` na `jumla` ni kigeu cha ndani, kompaila inakuambia wazi kwamba funksheni inarudisha anwani ya kigeu cha ndani, na hiyo onyo usibishane nayo hata sekunde. Lakini ukiandika `pthread_exit(&jumla);` ambayo ni dhambi ile ile, inanyamaza. Kwa macho ya kompaila hiyo ni funksheni tu umeipa anwani, haijui kwamba baada ya hapo thredi inakufa na staki yake.

Na kuna hii ya `pthread_join`, ambayo pia inakuletea kile thredi ilirudisha, na ambayo kwangu mimi ndo mfano mzuri zaidi wa kwa nini kasti si dawa:

```c
int jibu;
pthread_join(t, &jibu);
```

GCC ya zamani inatoa onyo kwamba pointa haifanani, GCC 14 inakataa kabisa. Rafiki anakuja na dawa yake, anaandika `(void **)&jibu`, kimya, inakompaili. Sasa `pthread_join` imeambiwa hapo kuna nafasi ya pointa nzima, kwa hivyo inaandika baiti 8. Wewe uko na baiti 4. Hizo 4 zingine zinaandikwa juu ya jirani, chochote kilichokuwa kando ya `jibu` kwa staki, labda kihesabio cha lupu, labda anwani ya kitu kingine, na programu inaanza kufanya mambo ya ajabu mistari hamsini mbele mahali hapahusiani kabisa. Utatafuta hiyo bagi mpaka macho yaume, juu unaitafuta mahali inalia badala ya mahali ilipoanzia. Njia ya kweli ni kupokea kwa `void *` halafu ubadilishe wewe mwenyewe:

```c
void *r;
pthread_join(t, &r);
int jibu = (int)(intptr_t)r;
```

Hapo upande wa thredi iwe ilirudisha `(void *)(intptr_t)jumla`. Ama bora zaidi, mtumie thredi struct (vigeu kadhaa vimefungwa pamoja) tangu mwanzo badala ya namba tupu, weka nafasi ya jibu ndani yake, iandike hapo, na `main` isome baada ya join. Mimi naipenda hiyo, kitu kimoja kinabeba maswali na majibu na hakuna kubadilisha aina.

Nayo funksheni yenyewe. Watu wanaandika `void kazi(void)` halafu kompaila inalalamika argumenti ya tatu ya `pthread_create` haifanani, wanakasti funksheni. Kuita funksheni kupitia aina isiyo yake, kiwango cha C kinasema tabia yake haijafafanuliwa, yaani lolote linaweza kutokea. Kwa Intel na AMD kawaida inapita, bahati tu, lakini ukipeleka programu hiyo kwa WebAssembly, ile ya kukimbiza programu ndani ya browser, inasimamishwa katikati, juu huko aina ya funksheni inakaguliwa kila inapoitwa kwa pointa. Dawa ni rahisi mpaka inachekesha: andika `void *kazi(void *p)`, mwisho weka `return NULL;`, kama huitumii `p` andika `(void)p;` ili onyo la kigeu kisichotumika lisikusumbue. Usikasti funksheni, basi.

Karibu na hiyo kuna nyingine ya kimyakimya: `pthread_create(&t, NULL, kazi(NULL), NULL)`. Umeona hayo mabano baada ya `kazi`? Hujampa thredi funksheni, umeiita wewe mwenyewe ndani ya `main`, ikafanya kazi yote, ikarudisha NULL, na hiyo NULL, pointa isiyoelekeza popote, ndo umempa thredi kama mahali pa kuanzia. Inaanguka na segmentation fault, yaani imegusa memori isiyoruhusiwa. Kompaila mara nyingi haisemi kitu hapa mpaka uongeze `-Wpedantic`, ndipo inakuambia kwamba C haikubali kuchanganya pointa ya funksheni na `void *`. Mtu anaona majibu yametokea kwa skrini kabla ya kuanguka na anaapa thredi ilifanya kazi.

Kuhusu `volatile`, niseme haraka. Kuna imani kwamba ukiweka `volatile` kwa kigeu kinachoshirikiwa na thredi, basi ni salama, na ukipitisha pointa yake unapata onyo la kwamba umetupa hiyo sifa, unakasti, mnaendelea. Kwa C `volatile` haikulindi na thredi nyingine, labda umetoka Java ambako hilo neno liko na maana nzito zaidi. Kwa C unataka mutex, yaani kufuli ya kuingia mmoja mmoja, ama vigeu vya atomiki vilivyoletwa na C11 mwaka 2011. Na kuprinti `pthread_t` kwa `%d`, hiyo pia itakupa onyo, juu `pthread_t` si lazima iwe namba, kwa Linux ni namba ndefu na kwa Mac ni pointa. Tumia namba zako mwenyewe.

Kama umepewa programu ya mtu ya kitambo na unataka tu ikompaili leo, GCC 14 iko na `-fpermissive` inayorudisha hayo makosa mapya yawe maonyo tena. Itumie hivyo, kwa kazi ya mtu mwingine na kwa muda. Ile ya `-w`, ya kuzima maonyo yote, sioni kazi yake mahali popote kwa programu ya thredi. Yako mwenyewe ikompaili hivi:

```
gcc -std=c11 -Wall -Wextra -Wpedantic -g programu.c -pthread
```

Halafu ikishanyamaza kihalali, jua kwamba ile bagi ya `&i` bado inapita hapo bila hata kuguswa, pamoja na zote za watu wawili kuandika mahali pamoja wakati mmoja, juu kompaila inasoma maandishi tu, haioni nani amefika saa ngapi. Hapo ndo `-fsanitize=thread` inaingia, iko kwa GCC tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013 na kwa Clang pia. Ongeza hiyo kwa amri ile, kimbiza programu yako, na ikiona thredi mbili zinagusa mahali pamoja bila kufuli, na angalau moja inaandika, inakuonyesha mistari yote miwili na kila thredi ilianzishiwa wapi. Programu itakuwa nzito, kati ya mara 5 na 15 polepole, na memori itapanda pia mara 5 hadi 10, kwa hivyo kwa laptop ya RAM ya GB 4 funga ile browser kwanza na uipe data kidogo. Huwezi kuiweka pamoja na `-fsanitize=address`, ile ya kukagua makosa ya memori, kwa mkupuo mmoja, kompaili mara mbili, moja ya kila mojawapo. Ukishamaliza kujaribu uitoe, usimpe mtu faili ikiwa bado iko ndani.